Joto la Oktoba shambani Dodoma: wapi pa kuangalia viumbe na mimea, saa ngapi? Tupeane uzoefu

MwanaBahi: Nyasi zimekwisha, kila kiumbe kinafuata maji na kivuli. Ndio wakati wa kulijua shamba. Wenye ujuzi mwageni hapa.

Mfuganyuki: Saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, kisha saa kumi na nusu jioni mpaka giza. Mchana ndege wametulia kivulini, midomo wazi, mabawa wameyaachia ili joto litoke, msiwakurupushe. Wekeni sinia pana la maji, kina sentimita 3 hadi 5, na mawe yanayotokeza juu. Bila mawe nyuki wanazama. Maji hayo wanayapaka kwenye masega na kuyapepea kwa mabawa, majana (watoto wa nyuki) yabaki kwenye nyuzi 35 hivi. Sinia likae mita 2 au 3 kutoka kichakani, paka asivizie.

BibiShamba: Na limwagwe na kusuguliwa kila siku. Ukiliacha wiki, umefuga mbu.

Kongwa1: Maji yanaleta nyoka jamani!

Mfuganyuki: Yanaleta vyura na panya, nyoka anawafuata hao. Weka mbali na nyumba, pafyeke.

DadaManyoni: Kwenye nyoka hapo nisikilizeni. Anayeinama kuchungulia chini ya gogo anampelekea swila, nyoka mtema sumu, uso wake. Swila hangoji kukanyagwa: anainuka, anatanua shingo, anatema akilenga macho, na mita 2 anazifikisha. Macho yanawaka moto, yanajifumba, mtu anakimbia ovyo mpaka kwenye miiba. Mshikeni, mketisheni, fumbueni kope kwa vidole, mmwagieni maji safi mfululizo dakika 15 hadi 20, yatiririke kutoka puani kwenda nje. Asisugue. Halafu hospitali siku hiyo hiyo, maana jicho likiota vidonda anaweza kupofuka.

Mzee wa Mpwapwa: Huku tunatia maziwa.

DadaManyoni: Maji yakikosekana kabisa, sawa Mzee wangu, maziwa yatasuuza. Dawa ya majani hapana.

MwanaBahi: Miwani basi, hata ya jua. Na gogo ulivute upande wako kwa fimbo ndefu, likukinge.

BibiShamba: Mimea mmeisahau. Mbuyu wenye maua sasa, kaeni chini yake jua likizama: yanafunguka jioni, popo wanakuja kufyonza, kesho yake yanaanguka.

Kongwa1: Na ule mgunga wa kijani umepata wapi maji?

BibiShamba: Huo kitaalamu unaitwa Faidherbia albida. Mizizi yake inazama sana. Unachanua majani kiangazi, unayapukutisha masika. Februari msiukate mkidhani umekufa.

Kongwa1: Migunga yangu haifanyi hivyo, mama.

BibiShamba: Sikusema migunga yote, mwanangu. Tazama ganda la mbegu: huu lake lina rangi ya chungwa, nene, limejikunja. Yanaanguka sasa hivi. Yaokoteni mapema, mbuzi hawabakishi.