Mfuko wa huruma wa darasa: mama wa chapati tumpe mkopo au sadaka?

Kiongozi Mnyonge
Bwana asifiwe wapendwa, na wengine wote habari za Ijumaa. Mimi ni kiongozi wa darasa, yaani kikundi kidogo cha waumini, Kanisa la Methodisti, huku Mbagala. Darasa letu lina watu 23, kila Jumapili mtu anatoa 2,000 ya mfuko wa huruma, na sasa kuna 640,000. Mwenzetu mmoja, mjane, anauza chapati, kaingia kwenye kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, na wamemwambia Jumatatu wanabeba friji. Deni ni 400,000. Swali langu ni moja tu: kimethodisti hii iwe mkopo au sadaka? Naomba msinizungushe, Jumapili keshokutwa.

Binti Kariakoo
Kausha damu tena! Watu wamelogwa na hizi pesa.

Mwalimu wa Jumapili
Mtumishi, swali lako lina jibu la zamani. Mwaka 1746, London, John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, alianzisha mfuko wa kukopesha maskini. Mtu hapewi zaidi ya shilingi 20 za Kiingereza, anarudisha kidogo kidogo kila wiki, ndani ya miezi mitatu. Kwa mfuko ule mdogo walisaidiwa watu zaidi ya 250 katika mwaka na nusu. Kwa hiyo mkopo si dhambi. Ila zile Kanuni za Jumla za Wamethodisti za 1743 zinakataza riba isiyo halali, na zinakataza pia kukopa bila matumaini ya kulipa. Wengi huikumbuka ile ya kwanza, ya pili wanairuka.

Sharifu wa Ilala
Karibuni, riba huku kwetu haramu tangu zamani 😀 Karibuni na futari.

Afisa Mstaafu
Mimi naona mnakosea mwanzo. Jiungeni kikundi, nendeni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata mkasajili, ombeni mkopo wa halmashauri. Ni asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, hauna riba. Andaeni katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao na akaunti ya benki.

Binti Kariakoo
Mzee wangu, friji inabebwa Jumatatu, wewe unaongelea katiba.

Mzee wa Hesabu
Mtoa mada, toa namba. Alichukua ngapi, rejesho ngapi kwa siku, kalipa siku ngapi? Na chapati anauza ngapi? Bila hizo tunapiga ramli.

Kiongozi Mnyonge
Alichukua 300,000, ada ya fomu ikakatwa 20,000 hapo hapo, mkononi akapata 280,000. Rejesho 15,000 kila siku, siku 30. Kalipa siku 12, akakwama. Faini bado hawajamwekea. Kwa siku anakanda kilo 5 za ngano, anapata chapati kama 55, anauza 500.

Mzee wa Hesabu
Sasa tuone. 55 mara 500 ni 27,500. Ngano kilo 5 weka 10,000, mafuta lita moja 5,000, mkaa 2,500. Inabaki 10,000, na hapo bado hajala wala watoto hawajala. Rejesho 15,000. Kila siku alikuwa anakata 5,000 kwenye mtaji, na Jumapili hauzi lakini rejesho halijui Jumapili. Huyu mama si mzembe. Mkopo wenyewe usingelipika hata angekanda usiku.

Ila kuna kitu. Siku 30 kwa 15,000 ni 450,000. Kalipa 180,000. Inabaki 270,000. Wewe umesema deni 400,000, na faini hakuna. Hiyo 130,000 imetoka wapi?

Tangawizi
Chai hii. Jana ilikuwa mjane wa vitumbua, leo mjane wa chapati. Subirini namba ya kuchangia, inakuja sasa hivi.

Binti Kariakoo
Hata mimi nimeanza kunusa iliki. Mkuu, uko wapi?

Kiongozi Mnyonge
Si chai na siombi mchango wa mtu. Hiyo 130,000 ananidai, yaani namdai mimi. Nilimkopesha mwezi wa pili, sikuweka riba hata senti.

Mzee wa Hesabu
Na pesa ya mfuko inakaa wapi?

Kiongozi Mnyonge
Kwenye simu yangu. Mhazini simu yake ilipotea.

Mzee wa Hesabu
Umeshatuma?

Kiongozi Mnyonge
Juzi nilimtumia 150,000 maana alikuwa analia. Jioni akanirudishia 130,000 yangu kwa hiari yake. Sikumlazimisha. Deni langu ni halali, ningelipwa tu siku moja. Naomba turudi kwenye swali: mkopo au sadaka?

Tangawizi
Naondoa neno chai. Hii ni supu, tena ina mfupa.

Mwalimu wa Jumapili
Kwa hiyo kwenye mfuko kuna 490,000, si 640,000 ulizotuandikia. Mama kabaki na 20,000, na 270,000 za watu ziko pale pale. Mtumishi, mfuko umekulipa wewe. Haya madarasa yetu yalianza Bristol, Uingereza, mwaka 1742 kwa ajili ya deni la jengo. Kila kiongozi alipewa watu kama 12, awapitie nyumbani kila wiki akusanye peni moja moja, na aliyekuwa maskini mno kiongozi alimlipia. Huko kupita nyumba kwa nyumba ndiko walikogundua watu wanaishije. Wewe umepita, umeona, halafu umejitanguliza.

Kiongozi Mnyonge
Basi mimi mwizi?

Mzee wa Hesabu
Hakuna aliyekuita hivyo. Fanya hivi. Leo rudisha 130,000 kwenye mfuko, hifadhi ujumbe wa muamala. Deni lako kwa mama linabaki lako na lake, lisiguse mfuko. Kesho Jumamosi muone mhazini na mwenzake mmoja, mkubaliane kabla ya ibada. Mama asipewe tena pesa mkononi: nendeni naye watatu kwa mkopeshaji, mwombeni mkataba na leseni, mjaribu kumpunguzia kwa kulipwa yote kwa mkupuo. Asipokubali, lipeni 270,000, mchukue risiti na barua kwamba friji si dhamana tena, mwenyekiti wa mtaa ashuhudie.

Mwalimu wa Jumapili
Na jibu la swali lako: gawanyeni. 150,000 sadaka, 120,000 mkopo, 10,000 kila wiki kwa wiki 12, aanze wiki ya tatu. Kwa faida ya 10,000 kwa siku, zaidi ya hapo mnageuka kausha damu yenye nyimbo. Mtaji mpeni vitu: ngano kilo 5, mafuta lita moja, mkaa. Ile 20,000 iliyobaki kwake inatosha hivyo.

Kiongozi Mnyonge
Nimerudisha. Mhazini nikimpigia simu haitoshi?

Binti Kariakoo
Si umesema simu yake imepotea?

Kiongozi Mnyonge
Ameshanunua nyingine.

Mzee wa Hesabu
Nenda kwa miguu yako. Na ubebe daftari.