Utambulisho wa watu hukaa ndani ya kitu chenyewe, au katika mikono inayokitengeneza?

Mleta mada:
Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Ninaandaa somo kuhusu namna watu wanavyojitambulisha kwa vitu, sanaa na majengo yao, na ningependa mnisaidie katika jambo moja linalonitatiza. Tumezoea kusema kwamba kinyago, kiti cha enzi au jengo la kale hubeba utambulisho wa jamii, lakini ni nadra kueleza ni kitu gani hasa ndani yake kinachoubeba. Je, ni mti, jiwe au udongo ule ule ulioshikwa na waliotangulia? Je, ni umbo, ambalo fundi hodari anaweza kulinakili? Au ni kazi yenyewe ya kukitengeneza na kukitunza? Jibu lina uzito, kwa kuwa ndilo linaloamua kama jengo lililobomolewa lijengwe upya, na kama makumbusho yanaweza kuwapa wenyewe nakala na kubaki na kitu cha asili.

Chokaa na Mawe:
Mimi naegemea upande wa kazi. Tazama hekalu la Ise nchini Japani, ambalo kwa desturi iliyoanza mwishoni mwa karne ya 7 hujengwa upya kila baada ya miaka 20 kwenye kiwanja kilicho kando ya lile la zamani, kwa mbao mpya za msaipresi na kwa vipimo vile vile. Ujenzi wa mwaka 2013 ulikuwa wa 62. Hakuna ubao hata mmoja wa karne ya 7 uliosalia, na bado hakuna mwabudu anayeliona kuwa nakala, kwa sababu kinachorithishwa pale ni ustadi: fundi kijana hujifunza katika ujenzi mmoja na kuuongoza ule unaofuata. Desturi hiyo iliwahi kukatika kwa zaidi ya karne moja wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, kisha ikafufuliwa.

Msikiti Mkuu wa Djenné, nchini Mali, unafundisha jambo hilo hilo kwa udongo. Jengo tunaloliona leo lilikamilika mwaka 1907, lakini kila mwaka mji mzima hutoka kuupaka upya kabla ya mvua: vijana hukanda na kubeba udongo, wanawake huleta maji, na waashi hupanda juu ya miti iliyochomoza ukutani, ambayo watazamaji wengi huidhani kuwa pambo ilhali ndiyo jukwaa la kupandia. Mji ukiacha kazi hiyo kwa misimu michache, mvua itauyeyusha msikiti. Ningesema kwamba mtu wa Djenné hujitambulisha kwa kupaka ukuta zaidi kuliko kwa ukuta. Wataalamu wa urithi waliokutana Nara, Japani, mwaka 1994 walikubali kwamba uhalisi wa kitu hauwezi kupimwa kwa kigezo kimoja kwa tamaduni zote, na naamini mifano ya namna hii ndiyo iliyowalazimu.

Mtunza Urithi:
Ndugu Chokaa na Mawe, mifano yako ni mizuri, lakini umechagua majengo ambayo wenyewe waliyapangia kufanywa upya. Viko vitu visivyo na mbadala, na kuvisema vibaya kunaumiza watu walio hai. Mwaka 1900 Gavana Mwingereza Frederick Hodgson aliwadai Waasante, katika Ghana ya leo, wamletee Kiti cha Dhahabu ili akikalie. Kwao kiti hicho kina roho ya taifa zima, na hata Asantehene, yaani mfalme wao, hakikalii. Waasante wakaingia vitani wakiongozwa na Yaa Asantewaa; walishindwa kwa silaha, lakini kiti kilikuwa kimefichwa na Waingereza hawakukipata. Je, tungewaambia kwamba kiti kingine cha umbo lile lile kingetosha?

Vigango vya Wamijikenda wa pwani ya Kenya ni hivyo hivyo. Ni nguzo za mti zilizochongwa na kusimamishwa kwa ajili ya marehemu waliokuwa wanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima, na hazipaswi kung'olewa zilipo. Nyingi ziliibwa na kuuzwa kama sanaa, zikaishia katika makumbusho na mikononi mwa wakusanyaji wa Marekani. Mchongaji wa leo anaweza kuchonga kigango kingine kizuri, ila hakitakuwa cha yule marehemu.

Mleta mada:
Nashukuru sana. Naona sasa kwamba nilikosea kutafuta jibu moja kwa vitu vyote. Wenye kitu ndio wanaojua kama kinafanyika upya au la. Ila vipi kuhusu watu walionyang'anywa vyote, wasiwe na cha kutunza wala cha kufanya upya?

Rangi Saba:
Hao huanzisha kitu kipya, na kwangu hapo ndipo mada inaponoga. Wandebele wa Afrika Kusini walishindwa na Makaburu mwaka 1883, ardhi yao ikagawanywa, nao wakatawanywa kufanya kazi katika mashamba ya washindi wao. Michoro ya ukutani inayowatambulisha leo duniani, yenye pembe kali na mistari myeusi inayozingira rangi, ilistawi baada ya mtawanyiko huo, katika karne ya 20, na walioichora ni wanawake. Walipopata rangi za dukani walizichukua bila kusita. Esther Mahlangu aliyejifunza kwa mama na bibi yake alichora mtindo huo juu ya gari la BMW mwaka 1991, na kila aliyeliona alijua ni kazi ya Mndebele, ingawa hapakuwa na ukuta, udongo wala boma.

Kwa hiyo ningeongeza swali moja kwa yale matatu uliyoanza nayo: kitu hiki kinasema na nani? Kiti cha Dhahabu kinasema na Waasante wenyewe, na ndiyo maana kufichwa hakukukipunguzia chochote. Ukuta wa Mndebele unasema na mpita njia, hata yule asiyemtakia mema mwenye nyumba, na hauna budi kuonekana. Katika somo lako ningeanza na kuta hizo, kwa sababu wanafunzi wengi huingia darasani wakiamini kwamba kitu kisichokuwa cha kale hakiwezi kuwa chao.