Samurai na tatuu ya cheo: kuna ukweli hapo?

Wino_Mweusi

Wakuu, salaam. Kazi yangu ni kuchora tatuu. Nina mteja anataka mgongo mzima: joka, mawimbi, mawingu, "kama alivyochorwa samurai mwenyewe", yule mpiganaji wa Japani ya kale. Majoka hayo nimechora mengi na hakuna aliyewahi kunihoji, ila huyu anataka aambiwe kila cheo kilikuwa na mchoro gani. Nimebaki namtumbulia macho. Tena kuna jamaa kasema walijichora ili maiti zao zitambulike vitani. Mwenye kujua anisaidie kabla sijachovya sindano.

Kitara

Mkuu, huyo mteja anataka mgongo wa zimamoto, basi tu hajui.

Samurai wa zama za Edo, 1603 hadi 1868, alitambulika hata akiwa amekupa kisogo. Panga mbili kiunoni, refu na fupi. Nembo ya ukoo kwenye vazi. Nywele zilizonyolewa utosini na kufungwa nyuma. Cheo chote kilikuwa juu ya nguo, ngozi haikuhitajika.

Na ngozi yenyewe ilikuwa na kesi. Mwaka 1720, chini ya shogun (mtawala wa kijeshi) Tokugawa Yoshimune, kuchorwa mwili kulifanywa adhabu rasmi, badala ya kukatwa pua au masikio. Mwizi wa mji wa Edo, Tokyo ya leo, alitiwa mistari miwili kuzunguka mkono wa kushoto, chini ya kiwiko. Hiroshima walitia herufi ya mbwa kwenye paji la uso! Adhabu hiyo ilikuwa ya raia wa kawaida. Samurai akikosa alifungiwa nyumbani kwake, alinyang'anywa posho ya mchele, au aliamriwa ajipasue tumbo. Sasa mtu wa panga mbili, aliyelelewa na mafundisho ya Confucius kwamba mwili ni amana ya wazazi, aende kwa hiari yake kutafuta kitu kinachofanana na alama ya mwizi?

Waliojichora kwa fahari ni zimamoto wa mjini, wabeba machela, matarishi, mafundi wa kupanda majukwaa ya ujenzi. Watu wa kazi za kifua wazi, wengine na kitambaa cha nyongani tu. Panga mbili hawakuruhusiwa, hivyo mgongo ndio ulikuwa joho lao. Zimamoto alipenda joka kwa sababu joka ni la maji. Mambo yalishika moto zaidi karibu 1827, Utagawa Kuniyoshi alipoanza kutoa chapa za mashujaa 108 wa hadithi ya Kichina ya Suikoden, baadhi yao wamejaa tatuu. Na hao ni majambazi wa kinamasini, si samurai.

Msafiri_wa_Kale

Umesahau kumbukumbu za Wachina wa karne ya 3. Zinasema watu wa visiwa vya Japani walijichora uso na mwili, na michoro ilitofautiana kwa cheo.

Kitara

Sijasahau. Hao ni wazamiaji waliojikinga na samaki wakubwa, karne nyingi kabla samurai hajawa samurai. Nadhani mteja amekutana na habari hiyo akaivalisha deraya.

Habari ya maiti ndiyo inanichekesha. Kilichopelekwa kwa bwana baada ya vita ni kichwa. Mwili ulibaki shambani, sasa joka la mgongoni lingemtambulisha nani? Mwanamke mmoja aliyekuwa ngome ya Ogaki mwaka 1600, wakati wa vita vya Sekigahara, alisimulia uzeeni jinsi wanawake walivyopewa vichwa wavipake meno weusi, kwa kuwa meno meusi yalikuwa dalili ya mtu wa hadhi. Cheo kilisomwa kinywani.

Bi_Mkubwa

Na yule hakimu wa Edo mwenye maua ya sakura begani? Kaka yangu anaapa alikuwepo.

Kitara

Dada, Toyama Kagemoto alikuwepo kweli, samurai wa shogun moja kwa moja. Maua ya begani ni ya michezo ya kuigiza. Na tazama hadithi inavyofanya kazi: hakimu anafunua bega, wahalifu wanashtuka, maana hakuna anayetegemea kuona kitu kama hicho chini ya joho la serikali. Mwaka 1842, yeye akiwa kwenye kiti hicho, serikali ilipiga marufuku tatuu.

Wino_Mweusi

Ahsanteni. Sasa nimchoree nini? Pesa ya kianzio nimeshapokea.

Kitara

Mchoree joka lake, umwambie ni la zimamoto. Aking'ang'ania samurai, mweke samurai mwenyewe kwenye picha, na deraya yake na panga zote mbili. Mkono wa kushoto chini ya kiwiko usimwekee mistari miwili, hata akiomba.