Naomba ushauri: spina ya propela ya Cessna 170 imepata ufa

Wakuu habari zenu, niko Dodoma, tuna ndege ndogo, Cessna 170 ya 1953, ya kizamani ila tunaipenda mno. Sasa spina ya propela, ile kofia ya alumini pale mbele, ina ufa umeanzia kwenye tundu la skrubu unatambaa kuelekea nchani, ukipitisha kucha unausikia kabisa. Kuna fundi anasema tuchomelee, mi sitaki kabisa, kitu kinazunguka zaidi ya mara 2,000 kwa dakika halafu kimeguke angani! Bora ninunue mpya. Je bamba la nyuma, lile linaloshikilia spina, nalo nibadilishe hapohapo? Na washa za plastiki za chini ya skrubu mnabadilisha kila ukaguzi? Anayejua muuzaji wa spea zenye hati za kukubalika TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania) anisaidie tafadhali.