Ulinganisho: kushona hapa, kuagiza turubai tayari, au paa gumu? Roadster ya 1992, Mombasa

Mwana_Tudor
Salaam aleikum ndugu zangu. Gari ni Eunos Roadster ya 1992 (ndiyo Mazda MX-5), injini ya 1600, gia za mkono. Turubai limekatika kwenye mkunjo juu ya dirisha la nyuma, na plastiki ya dirisha imekuwa ya kahawia, huoni kitu. Zulia nyuma ya kiti cha kushoto linalowa kila mvua ikinyesha. Nina shilingi 90,000 na masika yako mlangoni. Njia ninazolinganisha:

1. Kubadilisha dirisha peke yake na kutia kiraka
2. Kushonewa turubai zima hapa mjini
3. Kuagiza turubai tayari kutoka nje, la vinili (plastiki laini) au la mohea (kitambaa cha kufumwa)
4. Kuundiwa paa gumu la faiba

Kuna anayenishauri niiuze nitafute Mercedes SLK ya paa la chuma linalokunjika. Kwa jua letu na chumvi yetu, ipi itadumu?

DadaCherehani
Wa aleikum salaam kaka. Nianze na kitambaa, maana hapo ndipo pesa nyingi huliwa bure.

Mafundi wengi wa viti watakuonyesha leza ya siti (ngozi bandia). Usiikubali. Ile imetengenezwa kukaa ndani ya gari. Ikipigwa na jua la hapa inakakamaa kama gamba, halafu inapasuka palepale inapokunjwa. Turubai la lori nalo lina kasoro yake: lina gramu 600 hadi 700 kwa mita ya mraba, linastahimili jua vizuri sana, lakini ni nene mno kwa fremu ya Roadster. Ukilazimisha kulikunja, vyuma vya fremu ndivyo vitakavyopinda.

Kitambaa kinachofaa kushonwa hapa ni kile cha akriliki cha kufunikia mashua na vibaraza, ambacho rangi yake imeingia ndani ya uzi wenyewe. Upana ukiwa mita 1.5, mita 3 zinatosha na kubaki vipande vya marekebisho. Uzi uwe wa polista. Nailoni ina nguvu ikiwa mpya, ila jua huila haraka, pamba huoza. Sindano namba 18, mshono wa milimita 3 hadi 4, mistari miwili, kisha mishono yote ipakwe dawa ya kuziba upande wa ndani, kwa sababu kila tundu la sindano ni mlango wa maji.

Njia ya 1 ni nzuri ikiwa kitambaa chenyewe bado ni laini. Kunja pembe ya turubai kwa vidole viwili, uiachie. Ikirudi bila kuacha mstari mweupe, inastahili dirisha jipya. Ikiacha mstari au ikitoa unga, fundi akiishona leo itachanika kando ya mshono mpya baada ya muda mfupi. Plastiki angavu chukua ya milimita 0.75 hadi 1. Nyembamba kuliko hapo inapigapiga ukienda kasi na inajikunja yenyewe.

FundiBodi_Changamwe
Dada amesema kweli kuhusu kitambaa, lakini kaka Mwana_Tudor, usinunue hata mita moja kwanza. Zulia linalolowa nyuma ya kiti mara nyingi halisababishwi na mpasuko juu ya dirisha. Kwenye gari hili maji yote ya turubai hukusanywa na mfereji wa plastiki unaozunguka nyuma, chini ya ukingo wa kitambaa. Mfereji huo unayapeleka kwenye matundu mawili, moja kila upande, karibu na nguzo za mikanda. Kutoka hapo yanashuka kwa mpira na kutokea chini ya gari, mbele ya gurudumu la nyuma. Tundu likiziba, maji yanafurika ndani na kuingia kwenye vizingiti vya chini ya milango. Kizingiti kinaoza kutoka ndani, na rangi ya nje inabaki inang'aa mpaka siku bati linapotoboka.

Fanya hivi kesho. Fungua turubai nusu, tafuta tundu kwa tochi, mimina maji lita moja polepole. Yanatakiwa kutoka chini papo hapo kwa mkondo. Yakidondoka tone tone au yakipanda juu, pameziba. Zibua kwa uzi mnene wa nailoni kama ule wa mashine ya kufyekea nyasi. Waya wa chuma utatoboa mpira, halafu utapata uvujaji mwingine usioonekana. Usipulize kompresa kutoka juu pia, mpira unachomoka kwenye kiungo chake.

Ukiegesha chini ya mvinje au mwarobaini, uchafu ni huo. Sindano za mvinje zina unene ule ule wa kupita kwenye tundu zikisimama, kisha zinalala ndani na kushika mchanga.

Mwana_Tudor
Shukran bwana fundi. Nimejaribu. Upande wa kulia maji yametoka vizuri. Wa kushoto yalipanda mpaka juu, nikavuta kishada cha sindano za mvinje na tope jeusi, sasa yanapita. Mfereji wa plastiki una ufa wa kama sentimita 10 upande huo huo. Bisibisi kwenye kizingiti cha kushoto, mbele ya gurudumu, imezama. Kulia kugumu.

FundiBodi_Changamwe
Basi mpangilio wa pesa umebadilika. Kizingiti kwanza, turubai baadaye.

Gari lisilo na paa la chuma hubebwa na vizingiti. Kwenye gari la kawaida paa linasaidia kushikilia bodi isikunjike katikati. Hapa hakuna kitu juu. Kwa hiyo, kabla ya kukata:

Gari lisimame kwa magurudumu yake, sakafu ya saruji iliyo sawa. Usiliinue kwa jeki katikati. Pima nafasi kati ya mlango na bodi juu, katikati na chini, uandike. Chomelea bomba la muda kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kufuli, ndani ya uwazi wa mlango. Ndipo ukate. Fundi akikata bila bomba, mlango utakataa kufunga na hakuna kuurudisha kirahisi.

Ng'oa terminali zote mbili za betri. Kata mpaka bati lenye mlio safi. Bati la ndani nalo liangaliwe, kwa kuwa wengi hufunika la nje tu na kuacha uozo ukiendelea kula. Kiraka kiwe cha geji 18. Chomelea kwa mig (mashine ya umeme inayolisha waya), vipande vifupi vya sentimita 2, ukiruka huku na huku ili bati lisipate joto moja. Kuchomelea kwa gesi kunapasha eneo kubwa na bati linajikunja. Puti ni ya kulainisha uso tu. Ukiona fundi anajaza tundu kwa puti na gazeti, chukua gari lako uondoke.

Ukimaliza, praima yenye zinki, rangi, kisha nyunyiza nta au oili nzito ndani ya kizingiti kupitia matundu yake. Yale matundu madogo ya chini yasizibwe kamwe. Ndiyo pumzi ya kizingiti.

Kombo_Mtwapa
Nizungumzie paa la faiba, maana huku kwenye mashua ndiyo kazi ya kila siku.

Linawezekana, ila si rahisi kama watu wanavyodhani. Linahitaji kalibu, na kalibu nzuri hupatikana kwa kuazima paa la kiwandani na kulinakili. Paa la kiwandani la Roadster lina uzito wa kilo 20 hivi. Mati za nyuzi za kioo, gramu 450 kwa mita ya mraba, safu tatu, zinakupa unene wa karibu milimita 3. Pembezoni na kwenye vifungo ongeza safu mbili. Resini iwe mara mbili hadi mbili na nusu ya uzito wa mati. Ikizidi, paa linakuwa zito na linavunjika kwa urahisi badala ya kuwa imara.

Kosa la pwani ni kigandishi, ile dawa ya kugandisha resini. Joto likiwa digrii 32, asilimia 2 inagandisha resini kabla hujatoa mapovu. Tumia asilimia 1, uchanganye kidogo kidogo, anza kazi alfajiri.

Ubaya wake: dirisha la nyuma, mipira ya kuzibia na vifungo ndivyo vinavyokula bajeti, kuliko faiba yenyewe. Na paa hilo halikunjiki. Mvua ikikukuta Nyali na paa liko nyumbani Tudor, umelowa. Kwa hiyo turubai zima bado unalihitaji chini yake. Mimi ningeiweka njia hii mwisho.

Likoni_Kivukoni
Kuhusu SLK ya kwanza, ile ya 1996 hadi 2004. Paa lake la chuma linazuia jua na maji kuliko turubai lolote, hilo halina ubishi. Lakini linasukumwa na pampu na silinda za haidroliki, na sili za silinda zikichoka mafuta yanavuja na paa linasimama njiani. Silinda inaweza kutolewa na kutiwa sili mpya, ila si kila fundi anaiweza.

Ukienda kuliangalia, tazama buti kwanza. Kuna pazia la kutenga mizigo. Lisipovutwa na kushikwa mahali pake, paa halitembei kabisa. Muuzaji mwingine hulipunguzia bei gari akidhani pampu imekufa, kumbe ni pazia tu. Yenye gia otomatiki, chunguza plagi ya umeme ya giaboksi. Ikivuja, mafuta hupanda ndani ya waya hadi kwenye kompyuta ya gia.

Tena, sheria ya kutoingiza magari yaliyozidi miaka 8 inafunga mlango kwa haya yote. Utakayopata ni yale yaliyokwisha sajiliwa nchini, yenye historia yake. Kwa shilingi 90,000 ya matengenezo, Roadster unayoijua ni salama kuliko SLK usiyoijua. Injini yake inafanana kiasi na ya Mazda Familia na 323 za miaka hiyo, hivyo baadhi ya vipuri unavipata hata Kirinyaga Road, Nairobi.

Maruti_Bamburi
Kama haja ni upepo tu na gharama ndogo, Suzuki Maruti ya turubai haina mshindani. Turubai lake ni bapa, linashonwa na fundi yeyote kwa siku moja. Springi zake ni za majani, utaumia mgongo kwenye matuta. Sina zaidi.

DadaCherehani
Turudi kwa kaka. Mfereji una ufa, kizingiti kinakatwa, hivyo nyuma itafunguliwa yote. Hapo njia ya 3 inapanda mbele ya kushona, kwa sababu mfereji mpya unaweza kuagizwa pamoja na turubai na kulipia usafiri mara moja. Ulizia kabisa kama umejumuishwa. Turubai la Roadster ya kwanza (1989 hadi 1997) na ya pili (1998 hadi 2005) linaingiliana, kwa hiyo unaweza kuchukua lenye dirisha la kioo. Kioo hakiwi cha kahawia, na huhitaji kufungua zipu kila unapokunja. Vinili inafutika chumvi kwa kitambaa chenye maji. Mohea ni nzuri zaidi kwa macho na hukunjika laini, lakini bei hukaribia mara mbili na unyevu wa hapa huipandisha ukungu usipoipiga brashi. Kwa bajeti yako: vinili yenye kioo. Kodi za forodha uziweke kwenye hesabu kabla ya kulipia, na VAT ya asilimia 16 ni sehemu yake tu.

Kwa masika haya, kiraka cha muda ndani na nje, gari likae chini ya kivuli.

Mzee_Tononoka
Vijana, mmesahau betri. Roadster hii betri yake iko ndani ya buti upande wa kulia, na ya kiwandani ni ya kufungwa, yenye mipira ya kutolea hewa kwenda nje. Watu hutia betri ya kawaida, mvuke wa asidi unajaa buti, bati chini yake linakuwa kama mkate. Mwanangu, inua betri utazame. Ukikuta unga mweupe, osha kwa magadi yaliyoyeyushwa, suuza, kausha, paka rangi, kisha hakikisha betri ina mpira wa hewa.

Na rediata: tangi lake la juu ni plastiki nyeusi. Likigeuka kahawia limechoka, litapasuka kwenye msongamano wa Makupa, halingoji barabara tupu. Usitie maji ya kisima, visima vyetu vingi vina chumvi. Nunua kulanti, uchanganye na maji safi ya kuongezea betri (distilled), si asidi.

Mwana_Tudor
Shukran mzee, shikamoo. Chini ya betri kuna unga mweupe kweli, bati bado gumu. Nimekubali: kizingiti mwezi huu, turubai la vinili lenye kioo na mfereji baadaye. Swali la mwisho, nitafunga mwenyewe na jamaa mmoja. Wapi hukosewa?

DadaCherehani
Marahaba kwa niaba ya mzee. Hukosewa mahali pawili.

La kwanza, kufungua. Nyuma kuna vipande vitatu vya chuma chini ya zulia, naati za spana 10. Zipige mafuta ya kulegeza siku moja kabla, kwani skrubu zilizoshika kutu zikikatika utachimba bati. Vipande vipange sakafuni kwa mpangilio wake na upige picha. Riveti za zamani zitolewe kwa drili. Mpya ziwe za alumini mpaka msumari wake wa ndani, kwa kuwa wa chuma utashika kutu na doa litashuka kwenye kitambaa kipya.

La pili, kuvuta. Turubai jipya huja fupi makusudi. Litandaze juani saa moja kabla ya kufunga. Anza nyuma, mfereji uwe umekaa kwenye matundu yake, kaza naati zote nusu, kisha kamili. Ndipo uje mbele. Weka alama ya katikati kwa chaki kwenye kitambaa na kwenye fremu, bana kwa vibanio bila gundi, funga vifungo viwili vya kioo cha mbele uone mikunjo iko wapi. Rekebisha, ndipo upake gundi pande zote mbili, ungoje ikauke mpaka isishike kidole, ubandike. Kebo nyembamba za pembeni zisipopita kwenye vifuko vyake, kitambaa kitapepea juu ya vioo ukifika Nyali Bridge.

Likikataa kufunga siku ya kwanza usilishindilie. Liache limefungwa kwa ndoano tu, vioo vimeshushwa sentimita 2, juani, mpaka mchana wa pili. Litashuka lenyewe.