Mjadala: Wito wa kulea yatima ukivuka bahari, ubishe hodi mlango wa nani?

Jumapili iliyopita mgeni wetu kutoka Marekani, mzee wa kanisa mwenye watoto wanne wa kuzaa, alisimama mbele ya ushirika wetu hapa Malindi akaeleza kwamba yeye na mkewe wamepata wito wa kumlea mtoto yatima kutoka Afrika, na kwamba kinachowazuia ni serikali ya Kenya. Watu walipiga makofi. Baada ya ibada, tulipokuwa tumesimama chini ya mwarobaini tukisubiri chai, wengi walisema serikali yetu ina roho ngumu kuwafungia mlango watu wa Mungu. Nilinyamaza kwa heshima ya mgeni, lakini ukimya ule umenikosesha usingizi, ndiyo maana naleta hoja hii mbele yenu: je, Kenya iwafungulie tena familia za Kikristo za ng'ambo njia ya kuwaasili watoto wetu, yaani kuwachukua kisheria kuwa watoto wao, au wito wao tuupe njia nyingine?

Nazungumza nikiwa Mkristo, mwalimu mstaafu na mlezi wa watoto wawili wa marehemu dada yangu. Siutilii shaka moyo wa mgeni wetu. Ninachosema ni kwamba mtoto anayemtafuta, mara nyingi, ana nyumba tayari, na ni nyumba ile inayoita.

Kwa wasiolifuatilia jambo hili, mnamo Novemba 2014 Baraza la Mawaziri lilisimamisha kuasiliwa kwa watoto wa Kenya na wageni, na Septemba 2019 likapiga marufuku kabisa. Kati ya maamuzi hayo mawili, Novemba 2017, usajili wa makao mapya ya watoto nao ukasitishwa. Sheria ya Watoto ya 2022 imeyaweka malezi ya jamaa mbele, na makao yakawa njia ya mwisho.

Aya aliyoisoma mgeni wetu ni ya 27 katika sura ya kwanza ya Waraka wa Yakobo, inayosema kwamba dini iliyo safi ni kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao. Nimeisikia ikihubiriwa miaka mingi, na karibu kila mara mhubiri humchukua yatima akamwacha mjane nyuma. Mtume hakuwatenganisha. Huko Kakoneni, Jilore na Langobaya, yatima na mjane hulala chini ya paa moja la makuti, huchota maji kwa dumu moja, na mwalimu anapomrudisha mtoto nyumbani kwa kukosa sare, ni mjane anayekwenda kukopa.

Miaka kadhaa iliyopita nilimsindikiza hawe mmoja wa Kakoneni, yaani nyanya kwa lugha yetu ya Kigiriama, kwenda kumwona mjukuu wake katika makao fulani ya watoto. Alikuwa amechemsha mihogo usiku, akaifunga kwa jani la mgomba, kisha akaitia ndani ya leso yake ya pili ili isipoe, kwa sababu mtoto yule aliipenda tangu alipoota meno. Langoni askari alituambia kwamba chakula cha nje hakiruhusiwi, akaipokea leso na kuiweka juu ya kiti chake cha plastiki. Mtoto aliletwa, umri wake miaka saba, amevaa fulana yenye jina la kanisa la ng'ambo, akamwamkia nyanya yake kwa Kiingereza. Hawe alipomjibu kwa Kigiriama, mtoto aligeuka akamtazama mlezi wa zamu ili atafsiriwe. Tulipewa nusu saa. Ukutani mwa ofisi palikuwa na picha yake, na chini yake maandishi kwamba hana baba wala mama. Mama yake alikuwa hai, akifua nguo za watu Maweni, na ndiye aliyempeleka pale baada ya mumewe kufa baharini, kwa kuwa aliambiwa mtoto atasomeshwa bure. Tulipotoka, leso ilikuwa palepale kitini. Hawe aliifungua, akanipa kipande kimoja nile njiani, mihogo iliyobaki akamwachia askari.

Kilichomtoa mtoto yule nyumbani ni kukosa sare, madaftari na unga. Serikali ilianza mwaka 2004 kutoa ruzuku kwa nyumba zinazolea yatima, nayo kwa miaka mingi imekuwa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa nyumba nzima, awe mjukuu mmoja au wawe sita. Familia ya Marekani inayomwasili mtoto kutoka nchi nyingine kwa kawaida hutumia zaidi ya dola 20,000 kwa mawakala, mawakili na safari, ambazo kwa hesabu yetu ni zaidi ya shilingi milioni mbili. Gawanyeni wenyewe: ni ruzuku ya nyumba moja kwa zaidi ya miaka 80.

Wapo watakaonijibu kwamba yatima ni wengi mno kuliko jamaa wa kuwalea. Idadi iliyotangazwa sana makanisani ng'ambo ni yatima milioni 140 duniani, iliyotolewa na UNICEF kwa mwaka 2015. Waliosikiliza walidhani ni watoto milioni 140 wasio na mtu, ilhali UNICEF humhesabu kuwa yatima mtoto aliyefiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Waliofiwa na wote wawili walikuwa kama milioni 15, na wengi wao wanaishi na nyanya, shangazi au ndugu mkubwa.

Historia nayo inatuonya. Mwaka 1955 Henry na Bertha Holt, wakulima wa Oregon waliokuwa na watoto sita wao wenyewe, waliwaasili watoto wanane wa Korea waliotupwa na vita. Walifanya hivyo kwa imani, na maelfu ya familia za Kikristo zikawafuata, hata Korea Kusini ikawa imepeleka ng'ambo zaidi ya watoto 140,000. Machi 2025 tume ya ukweli na maridhiano ya nchi hiyo ilitangaza kwamba haki za wengi zilivunjwa: kumbukumbu zilighushiwa, na watoto wenye wazazi wakaandikwa kuwa wametupwa. Haiti, baada ya tetemeko la Januari 2010, Wabatisti 10 wa Marekani walikamatwa mpakani wakiwa na watoto 33, na baadaye ikabainika kwamba watoto hao walikuwa na wazazi. Ethiopia ilifunga mlango mwaka 2018. Katika hayo yote sikusoma kwamba watu walianza kwa ubaya. Walianza kwa machozi ya kweli, kisha fedha ikaifuata huruma, na palipo na fedha hakukosi mtu wa kuandika kwamba mama amekufa.

Lakini mfano unaonigusa zaidi ni wa pwani yetu wenyewe. Katika karne ya 19, manowari za Waingereza zilipokamata majahazi ya watumwa, baadhi ya watoto waliookolewa walipelekwa Bombay, na wengine wakalelewa na wamishonari huko Nasik, India. Walibatizwa, wakapewa majina ya Kiingereza, wakasomeshwa na kufundishwa ufundi. Miaka ya 1860 baadhi yao walianza kuletwa Rabai, na baada ya Frere Town, makazi ya watumwa waliokombolewa karibu na Mombasa, kuanzishwa mwaka 1875 wakawa walimu na wahubiri wake. William Jones na Ishmael Semler, waliolelewa huko, walitawazwa kuwa mashemasi mwaka 1885. Kanisa letu la Anglikana hapa pwani lina deni kubwa kwao. Hata hivyo, jina ambalo mama yake Jones alimwitia halikurudi naye. Kengele ya Frere Town ingali imesimama kando ya barabara mahali panapoitwa Kengeleni, na kila nikipita hapo huwaza watoto walioletwa karibu na kwao ambao hawakuweza kufika kwao. Wale hawakuwa na njia nyingine, kwa kuwa utumwa ulikuwa umewavunjia nyumba. Hawe wa Kakoneni nyumba yake imesimama.

Msimamo wangu, basi, ni kwamba marufuku ibaki, na wageni wenye wito waombwe kuzishika mkono nyumba hizi, si kuzitoa watoto. Nawakaribisha wenye maoni kama yangu, na hasa wenye maoni tofauti.

Mchangiaji kutoka Shela, Malindi:
Mwalimu, salaam. Mimi ni Muislamu na nakuunga mkono, ila nataka niongeze jambo ambalo majirani zetu Wakristo huenda hawalijui. Kwetu kumlea yatima ni ibada kubwa, na Mtume wetu (s.a.w.) mwenyewe alikuwa yatima, akalelewa na babu yake, kisha na ami yake Abu Talib. Lakini malezi hayo, tunayoyaita kafala, hayamfuti mtoto nasaba yake. Anabaki na jina la babake, na Qur'ani katika Sura Al-Ahzab imetuamrisha tuwaite kwa baba zao. Sheria ya 2022 imeitambua kafala. Nililelewa na shangazi yangu mtaa huu huu, na siku ya ndoa yangu jina lililosomwa lilikuwa la marehemu babangu, watu wakalia. Mtoto akipelekwa ng'ambo akapewa ukoo wa watu wengine, siku hiyo litasomwa jina la nani?

Mchangiaji kutoka Gongoni:
Mwalimu wangu, nakuheshimu, lakini umetuandikia habari za mtoto mwenye nyanya. Mimi ni muuguzi, na nimewahi kumpokea mtoto aliyeokotwa akiwa na siku mbili, amefungwa kwa shuka, na hakuna aliyejitokeza hata baada ya chifu kutangaza na polisi kuandikisha. Nimemjua pia mtoto mwenye mtindio wa ubongo aliyeachwa wodini. Afisa wa watoto alihangaika kumtafutia familia hapa hapa, na kila aliyekuja kumtazama alikuwa akiuliza kama kuna mwingine mzima. Alibaki katika makao, kitandani, akizungushwa na wafanyakazi watatu wa zamu tofauti. Huyo hawe wake yuko wapi? Familia kama ya mgeni wenu, yenye imani na uwezo wa kumpatia matibabu ya viungo, ingekuwa tayari kumpa mama mmoja wa kudumu, na marufuku yenu inamwambia abaki akihesabu dari. Wakenya hatumtaki, na mgeni anayemtaka tunamkataza. Mnamlinda na nini?

Mchangiaji kutoka Furunzi:
Mimi nitasema kifupi. Baada ya Shakahola, msitu ambako waumini wa mhubiri mmoja walifunga hadi kufa na zaidi ya miili 400 ilifukuliwa kuanzia Aprili 2023, na mingi ilikuwa ya watoto waliopelekwa msituni kwa jina la imani, neno "wito" pekee halinitoshi tena, liwe la mgeni au la mwenyeji. Yeyote anayetaka kumshika mtoto wa watu akaguliwe kwanza, nyumba yake na akili yake na fedha zake, na serikali, wala asijitetee kwa Biblia.

Jibu la mtoa hoja:
Dada wa Gongoni, nimesoma maneno yako mara tatu, na lazima nikiri kwamba hoja yangu ilimpita mtoto uliyemtaja. Nilimwandikia anayeitwa yatima ilhali si yatima, nikamsahau aliye yatima kweli. Mkataba wa Hague wa 1993 kuhusu kuasili watoto kati ya nchi na nchi, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 2007, unasema mtoto atafutiwe kwanza familia ndani ya nchi yake, na ng'ambo ifikiriwe pale tu familia ya kumfaa isipopatikana. Kwa mtoto yule familia ilitafutwa na haikupatikana, kwa hiyo kwake nalegeza msimamo: mlango wake ufunguliwe, kwa mahakama na kwa mtoto mmoja mmoja, pasipo makao wala kanisa lolote kushika ufunguo au kupokea senti. Mchangiaji wa Furunzi ametaja ukaguzi, nami naukubali wote.

Uliposema Wakenya hatumtaki, ulituchoma mahali penyewe. Katika ushirika wetu wenye familia zaidi ya mia moja najua wawili tu waliomwasili mtoto asiye wa damu yao, na mmoja wao aliulizwa na mashemasi wenzake kama hamwogopi mtoto asiyejulikana ukoo wake ulilaaniwa na nini. Tunampigia makofi mgeni kwa jambo ambalo sisi wenyewe tunaliogopa. Hilo nitalileta katika kikao cha wazee mwezi ujao, na sitaraji kupendwa kwa ajili yake.

Kuhusu mjukuu wa hawe, niseme yaliyofuata ili nisionekane kupaka rangi. Alirudishwa nyumbani na afisa wa watoto akiwa na miaka 12, na kurudi hakukuwa rahisi. Alilala kwenye mkeka akilia kwa kuzoea kitanda, binamu zake wakamcheka lugha, na mara mbili alitoroka akakutwa njiani akielekea makao. Leo yuko gredi ya nane katika shule ya kijijini kwao, anachunga mbuzi Jumamosi, na bado humwita nyanya yake kwa Kiingereza akikasirika. Karo na sare zake zinalipwa na ndugu mmoja wa ng'ambo ambaye hajawahi kumwona wala kuomba picha yake.

Mgeni wetu anaondoka Ijumaa. Nimemweleza yote haya kwa utaratibu, hakukasirika, akaniuliza maswali mengi kuliko niliyoweza kujibu, na kesho asubuhi nitampeleka Kakoneni yeye na mkewe. Nimeshampigia hawe simu. Amesema tuje mapema kabla jua halijawa kali, na ameuliza kama wageni wanakula mihogo.