Chuo binafsi cha ufundi magari Dodoma: nikague nini kabla ya kulipa ada?

DadaWaIpagala

Habari zenu wakuu. Mdogo wangu amemaliza kidato cha nne na anataka ufundi wa magari. VETA amekosa nafasi safari hii, kwa hiyo tunaangalia vyuo binafsi hapa mjini. Kimoja kinataka laki 9 kwa miezi 6. Wanasema akitoka pale ni fundi kamili wa injini, umeme na "kompyuta ya gari", na kwenye tangazo wamebandika cheti chenye nembo ya nje. Kingine kinataka milioni 1 na laki 4 kwa mwaka, nacho hakina maneno mengi. Vyote vinasema vimesajiliwa. Mimi si mtu wa magari. Nikienda kukagua nitazame nini hasa?

Spana14

Dada, anza na karakana, ofisi itafuata. Fika siku ya kazi, saa 4 asubuhi, wanafunzi wakiwa kwenye vitendo, na usitoe taarifa kwamba unakuja.

Hesabu injini, kisha hesabu wanafunzi, halafu uliza: "Ipi kati ya hizi inawaka?" Vyuo vingi vina injini za mazoezi zilizofunguliwa na kufungwa mpaka nyuzi za bolti zimelika, na ndani hakuna maji wala oili. Mwanafunzi anafungua, anapanga vyuma mezani, anarudishia, anaenda nyumbani. Hakuna kitu kitakachomwambia kwamba alikosea, kwa sababu hakuna anayewasha.

Chukua kazi ya kawaida kabisa hapa mjini: kubadilisha gasketi ya silinda hedi (karatasi ya kuziba kati ya hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, na bloku iliyo chini yake) kwenye 1NZ-FE, injini ya cc 1,496 iliyoko kwenye IST, Probox na Raum. Hedi ile inashikwa na bolti 10. Zinalegezwa kuanzia nje kuja katikati, zinakazwa kuanzia katikati kwenda nje. Raundi ya kwanza ni kwa spana ya torki (inayopima nguvu ya kukaza), nyutoni mita 29. Kisha unaweka alama ya rangi upande wa mbele wa kila bolti, unazungusha digrii 90 (robo mzunguko), unarudia digrii 90 nyingine. Ukimaliza, alama zote 10 zinatazama nyuma ya injini. Bolti ambayo alama yake haijafika nyuma haijakazwa, hata kama mkono wako unakuambia imegoma. Fundi aliyefundishwa kukaza "mpaka ikaze" atavuta bolti kupita kiasi au ataacha nyingine zimelegea, na gari litarudi baada ya wiki likichemsha.

Kabla ya hapo kuna mambo ambayo injini iliyokufa haiwezi kumfundisha mtu. Hedi inawekewa rula nyofu ya chuma, unapitisha chini yake fila geji (bamba jembamba la kupimia uwazi) ya milimita 0.05 kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari. Ikipita popote, hedi imepinda, inapelekwa kukwanguliwa. Mashimo ya bolti kwenye bloku yanakaushwa kabisa, maana oili au maji yakibaki chini ya shimo bolti inayabana: spana inasoma torki wakati hedi haijakaa, au bloku inapasuka. Nyuzi za bolti zinapakwa oili kidogo tu. Gasketi ya hedi haitumiki mara mbili. Baada ya kufunga kuna kutoa hewa kwenye maji ya rejeta, kisha kuangalia kijiti cha oili kama oili imegeuka rangi ya maziwa. Hayo yote yanaonekana injini ikiwashwa tu.

Sasa piga hesabu ya hicho cha miezi 6. Tuseme wiki 24, siku 5, saa 4 za vitendo kila siku: saa 480. Kama wako wanafunzi 30 kwa injini 2, ni watu 15 kwa kila injini, na mkono wa mdogo wako utashika spana saa 32. Hizo ni siku 4 za kazi gereji. Watu 4 kwa injini moja ni vizuri, 6 wanavumilika. Wakizidi hapo, waliobaki wanashika tochi.

Angalia pia ukutani. Spana ya torki iko wapi? Maikromita ya kupimia unene wa vyuma? Geji ya kompresheni, ya kupimia mgandamizo ndani ya silinda? Zikiwa kabatini na kufuli lina vumbi, umeshajibiwa.

MajaladaYote

Naongeza upande wa makaratasi, maana ndiko watu wengi wanakobanwa baadaye.

"Tumesajiliwa" haitoshi. Vyuo vya ufundi stadi vinasajiliwa na NACTVET (baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi), na unachotakiwa kuuliza ni kama kozi yenyewe ya ufundi magari imo. Chuo kinaweza kuwa na usajili halali wa ushonaji na kompyuta, halafu ufundi magari kimeuanzisha pembeni. Omba namba ya usajili, uiandike, uiulize NACTVET. Wana ofisi hapa hapa Dodoma, huna haja ya kutegemea nakala iliyobandikwa ukutani.

Pili, uliza mwanafunzi anatoka na nini. Cheti cha ufundi stadi kinachotambulika ni NVA (tuzo ya taifa ya ufundi stadi), chenye ngazi I, II na III. Kwa mafunzo ya muda mrefu kila ngazi ni kama mwaka mmoja. Miezi 6 ni kozi fupi. Kozi fupi ina faida yake kwa mtu anayeongeza ujuzi, lakini kumwita kijana aliyetoka shule "fundi kamili" baada ya miezi 6 ni kumdanganya. Tahadhari kwenye namba: majaribio ya zamani ya ufundi yalishuka, daraja la III ndilo la kuanzia na I la juu. NVA inapanda, I ya chini na III ya juu. Mzee mwenye gereji anaweza kuona "NVA III" akadhani ni mwanafunzi wa kuanza.

Tatu, hiyo nembo ya nje. Uliza ni ya taasisi gani na mtihani unafanyikia wapi. Mfano, cheti cha ufundi cha ASE cha Marekani hakitolewi na chuo: mtu anafaulu mtihani wao na anathibitisha uzoefu wa kazi, kwa kawaida miaka 2. Chuo kikisema mwanafunzi atapata cheti cha namna hiyo siku ya mahafali, waombe wakuonyeshe utaratibu kwa maandishi.

Malipo yaingie akaunti ya benki yenye jina la chuo. Usitume kwenye namba ya simu ya mtu. Na kabla ya kulipa pata karatasi inayosema: ada inahusisha nini, mwanafunzi akiacha anarudishiwa kiasi gani, na nani ananunua oili, gasketi na petroli ya mazoezi.

UmemeWaGari

Spana14 amemaliza upande wa chuma. Mimi nasema upande wa hiyo "kompyuta ya gari", kwa sababu ndiyo inayouza ada siku hizi na ndiyo inayofundishwa vibaya kuliko zote.

Mwambie mwalimu akuonyeshe, kwenye gari lolote lililopo, jinsi wanavyofundisha kupima kwa mita. Betri iliyopumzika na kujaa inasoma volti 12.6. Injini ikiunguruma, alteneta ikiwa nzima, 13.8 hadi 14.5. Stata ikizungusha, betri isishuke chini ya 9.6 hivi. Kisha kipimo ambacho vijana wengi hawajawahi kukiona: waya mmoja wa mita kwenye negativu ya betri, mwingine kwenye bloku ya injini, mwenzako anapiga stata. Ikisoma volti 0.2 au pungufu, sawa. Ikisoma nusu volti na zaidi, waya wa bodi (wa negativu) au kifungo chake kina kutu, na hapo hakuna sababu ya kununua stata wala betri. Mwalimu asiyeweza kufanya hivyo mbele yako hatamfundisha mdogo wako umeme.

Kuhusu mashine ya kusoma kompyuta ya gari, muulize inasoma magari gani. Toyota nyingi zilizotengenezwa kwa soko la ndani la Japani zina soketi ya pini 16, lakini kifaa cha bei ndogo kinachounganishwa na simu hakizungumzi nazo, au kinasoma nusu. Hata ikisoma, kusoma kodi (namba ya hitilafu) si kupata ugonjwa. Mfano ulio karibu nasi ni P0171, yaani mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli. Aliyefundishwa kusoma skrini tu atauza sensa ya oksijeni. Aliyefundishwa kufikiri, akiwa Dodoma kiangazi, atafungua kwanza boksi la filta ya hewa. Filta isiyokaa vizuri ukingoni inapitisha vumbi letu jekundu, linaganda kwenye kiwaya chembamba cha sensa ya hewa, sensa inahesabu hewa pungufu, kompyuta inapunguza petroli. Ukipitisha kidole ndani ya bomba baada ya filta, kinatoka na vumbi. Dawa yake ni kopo la kusafishia sensa ya hewa (siyo la kabureta), bila kugusa kiwaya, iachwe ikauke dakika 10, filta ikae sawasawa, kisha kodi ifutwe na gari likimbizwe.

Vumbi hilo hilo ndilo linalokula ringi za pistoni, na zikilika mgandamizo wa silinda unashuka. Kwa hiyo kipimo cha kompresheni kiwe cha lazima kwenye mtaala wao: injini ya moto, plagi zote nje, soketi za nozeli zimechomolewa, mafuta yamekanyagwa hadi mwisho, betri imejaa. 1NZ-FE nzima inasoma kama kilo 15 kwa sentimita ya mraba, ikishuka chini ya 11 imechoka, na silinda zisitofautiane zaidi ya kilo 1. Iliyo chini unaitilia kijiko cha oili, unapima tena. Ikipanda, ni ringi. Isipopanda, tazama valvu au gasketi.

Kizota_Dizeli

Jambo moja halijaguswa: dizeli. Mji huu una Land Cruiser za ofisi kila kona, na malori ya barabara ya Singida hayaishi. Chuo kinachofundisha petroli tupu kinamnyima kijana nusu ya kazi za hapa. Uliza kama wana hata 1HZ moja, injini ya dizeli ya Land Cruiser, silinda 6, lita 4.2. Yule anatumia mkanda wa taimingi, tofauti na 1NZ yenye mnyororo, na ana pampu ya dizeli ya kufunga kwa alama. Mwanafunzi ajifunze kutoa hewa kwenye mfumo wa dizeli na kupima plagi za moto (zinazopasha silinda kabla ya kuwasha).

Mafunzo ya vitendo nje ya chuo yawe na barua inayotaja gereji kwa jina. "Atatafutiwa" haitoshi. TEMESA, wakala wa serikali wa ufundi na umeme, nao wana karakana hapa, inafaa kuuliza kama chuo kinapeleka wanafunzi kule.

Na kwa vijana ambao tayari wako gereji miaka kadhaa bila cheti: wasirudi kuanza mwanzo kwa ada kubwa. VETA wana urasimishaji wa ujuzi. Mtu anapimwa anachokijua, anajaziwa mapengo, anapewa cheti.

DadaWaIpagala

Asanteni sana ndugu zangu. Leo asubuhi nimeenda vyote viwili. Cha miezi 6 kina injini 2, wakasema hakuna inayowaka "kwa sasa", wanafunzi niliowahesabu ni 31. Cha mwaka mmoja kina injini 3, mbili zimewashwa mbele yangu, wanafunzi 18. Namba ya usajili wamenipa bila kusita. Tatizo: wanataka ada yote mwanzoni, na oili na gasketi ni juu ya mwanafunzi. Vilevile wanasema kila mtu aje na boksi la spana. Nifanyeje?

Spana14

Cha pili, dada, namba ikishathibitishwa NACTVET. Wiki 40 za vitendo kwa saa zile zile ni 800. Ukigawa kwa watu 6 kwa kila injini, anapata saa 133 mkononi, mara nne ya kile cha kwanza.

Ada, waombe awamu 4, na ya mwisho ilipwe baada ya barua ya gereji ya mafunzo kutolewa. Oili isikutishe. 1NZ inachukua lita 3.7 pamoja na filta, galoni la lita 4 linatosha injini nzima, na kundi la watu 6 linachangia. Ikimwagwa kwenye beseni safi na kuchujwa, inarudi kwenye injini ya mazoezi. Gasketi ya hedi ndiyo mpya kila mara, kwa hiyo waulize watafungua hedi mara ngapi kwa mwaka, mpate hesabu.

Boksi kubwa usinunue sasa. Kwa Toyota anahitaji spana na soketi za 8, 10, 12, 14, 17, 19 na 21. Ya 13 ataitaka kwenye magari ya Ulaya, isubiri. Ongeza koleo, bisibisi 2 bapa na 2 za nyota, fila geji, mita ya digitali, ovaroli na viatu vyenye chuma mbele. Ya 10 mnunulie mbili, ndiyo inayopotea kwanza. Spana ya torki ni ya chuo kutoa, na hilo liandikwe kwenye ile karatasi kabla hujaweka sahihi.